Mlango wa Waliorudi

Jumanne iliyopita, katikati ya kipindi cha Kemia, simu ilinitetemekea ndani ya soksi. Shuleni kwetu simu ni marufuku, na soksi yangu ndiyo sehemu pekee ambayo mwalimu wa nidhamu hajawahi kuikagua, nadhani kwa kuhofia afya yake. Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni, nikabana pua, nikasoma. Ujumbe ulitoka kwa Mangi: "Shabani. Nyumba inavunjwa Jumamosi. Njooni mchukue mlango wenu." Basi. Hakuna salamu, hakuna kikatuni cha kucheka wala cha kulia. Nikarudi darasani, nikakaa, nikasimama, nikakaa tena, mpaka mwalimu akaniuliza kama nimekalia siafu. Nikasema ndiyo mwalimu, wawili. Darasa likacheka, monita akaandika jina langu, na mimi nikaendelea kuufikiria ule mlango ambao kwa mwaka mzima nilikuwa nimeapa kutoutazama.

Najua kumbukumbu za maisha huandikwa na watu wenye meno ya bandia. Mimi nina miaka kumi na saba na meno yangu yote, ukiondoa moja lililobaki kwenye ngazi za nyumba yetu hapa Mchafukoge. Lakini Kariakoo inavunjwa haraka kuliko watu wanavyozeeka. Ukisubiri ufike miaka sitini ndipo ulikumbuke duka la mtu, utakuta juu yake limesimama ghorofa, na ghorofa lenyewe limeshapakwa rangi mara nne. Kwa hiyo naukumbuka mwaka jana sasa hivi, kabla hawajaumwagia zege.

Mangi si jina lake. Hapa mjini, mtu wa Kilimanjaro akifungua duka tu, hata likiwa la vocha na pipi, ataitwa Mangi mpaka siku analifunga. Huyu wetu anauza vipuri vya baiskeli kwenye mtaa ambao zamani, anasema, ulikuwa wa baiskeli tupu; sasa kushoto kwake wanauza mapazia na kulia kwake wanauza nywele. Nyuma ya duka kuna stoo, na stoo ina mlango wa mbao unaofungukia ndani na kulala ukutani, kwa hiyo upande wake wa ndani huuoni mpaka uingie ujifungie. Upande huo ndio wenye majina. Kila mwaka, masika yakishachanganya, Mangi hutoka na watu kwa baiskeli kutoka pale dukani mpaka Chalinze, wanalala, kesho yake wanarudi. Kilomita mia na kitu kwenda, mia na kitu kurudi. Wanaofika dukani kwa miguu yao, bila kupanda gari hata kidogo, huandikwa mlangoni kwa rangi nyeupe chini ya neno moja: WALIORUDI. Kwa nini masika, na si mwezi wa saba kama binadamu wengine? Nilimwuliza. Akasema mvua ikinyesha hakuna anayenunua baiskeli, sasa akae dukani amtazame nani?

Mimi nilikuwa nimeshaandikwa sana maishani. Wapiga kelele, namba moja. Wachelewaji, tatu bora. Wasiochomekea shati, mwanachama wa kudumu. Orodha zote hizo niliingia bila kujitahidi, kama mtu anavyoingiwa na mafua. Nilitaka orodha moja ya kutoa jasho. Mwaka jana nilikuwa kidato cha tatu na mwili wangu ulikuwa haukubali kutulia mahali. Nikikaa dirishani nyumbani natamani kuwa chini mtaani, nikiwa mtaani natamani kuwa mtaa wa pili. Mama alisema nina gari moshi tumboni. Kila nilipotumwa stoo kwa Mangi kuchukua tyubu, nilijifungia kwanza nisome yale majina, mengine yamefifia, ya watu ambao bila shaka sasa wana vitambi na presha, na nilikuwa nimeshachagua nafasi yangu, chini kidogo ya kitasa, upande wa kushoto.

Tulikuwa watano. Mangi mwenyewe. Fundi Kombo, anayetengeneza baiskeli barazani kwa Mangi na kuongea kama redio iliyovunjika kitufe cha kuzimia. Dada Neema, muuguzi, anayeendesha baiskeli kama anawahi wodini. Mimi. Na Bhavesh, tunamwita Bhavi, tunakaa naye dawati moja. Kwao ni Upanga, ghorofa ya pili, mama yake ana maua mengi barazani kuliko bustani ya manispaa. Bhavi ndiye mtu pekee darasani anayecheka vichekesho vyangu baada ya kuvifikiria. Unamaliza, kimya, mwalimu ameshageukia ubao, ndipo yeye anaangua kicheko na kuitwa mbele. Mtu wa namna hiyo ni zawadi, na mimi nilimtumia vibaya kama zawadi. Mwaka ule peke yake nilimtoa upepo kwenye tairi mara tatu, nikajificha nyuma ya ukuta wa shule, nikatokea na pampu kama mkombozi. Mara ya tatu alinishukuru kabisa.

Sasa safari ya Mangi ina utaratibu wake. Mtu mmoja anabeba pampu, viraka na gundi, na huyo anaendesha nyuma ya wote mwanzo mpaka mwisho. Mwenye pancha anasimama tu, anajua msaada uko nyuma yake unakuja. Mangi ana sentensi moja ya jambo hilo na huisema asubuhi ya kuondoka kama mchungaji anayefunga ibada: "Pampu haimpiti mtu." Miaka yote aliibeba Fundi Kombo. Asubuhi ile, tumesimama barazani, duka la mapazia halijafunguliwa, wingu limeshuka mpaka kwenye nyaya za umeme, Mangi akaitoa pampu ukutani, akampita Kombo, akanipa mimi.

"Mangi," Kombo akasema, "umekosea mtu. Huyo ni Shabani."

"Namjua ni Shabani."

"Yule aliyemwambia mteja kengele zinaendeshwa na betri?"

"Na mteja akarudi kuulizia betri," Dada Neema akadakia. "Mimi nilikuwepo."

Nikaifunga pampu kwenye fremu kwa mpira wa tyubu, nikapiga saluti. Nilicheka, lakini ndani yangu kuna kitu kilikaa wima.

Kwenda hakuna la kusimulia sana. Jangwani tulipita pakavu, Kimara tulipanda tukitukana kwa lugha zetu mbalimbali, Kibaha tukanywa chai, na mvua ilitufuatilia kwa mbali kama mtu anayekudai jibu. Jioni tukafika Chalinze, nikiwa wa mwisho kwa mujibu wa kazi yangu, na makalio yangu yakiwa hayana tena uhusiano na mimi. Nyumba ya wageni tuliyolala ilikuwa na kuta za mbao laini zilizopakwa bluu, kitanda kimoja chenye neti ya matobo kwa ajili yangu na Bhavi, na ndoo katikati ya chumba kupokea maji ya paa. Tuliagiza wali maharage kwa mama wa pale, Bhavi akafungua furushi la mama yake: chapati nyembamba zenye majani ya uwatu na achari ya embe inayopiga kelele mdomoni. Mangi akainamisha kichwa akasali, Kombo akasema bismillahi, Bhavi akasubiri wote wamalize na Mungu wao, kisha akasema "Haya," na mikono yote mitano ikaenda kwenye furushi lake. Wali ulipoa pale tukiuangalia.

Baada ya kula nilijilaza nikahesabu matone kwenye ndoo, nikashindwa kutulia, nikaegemea ukuta. Ukuta ule ulikuwa kama gazeti. Upande wa pili Mangi na Kombo walikuwa wanaongea.

"Ile pampu, kweli ulifikiri, au jua lilikupiga?"

"Jua liko wapi leo? Nilifikiri."

"Yule mtoto hashiki kitu dakika tano, Mangi. Ana akili, sikatai. Lakini ni akili ya kuruka ruka."

"Ndiyo maana ashike siku mbili."

Kitanda kikalalamika. Kisha Kombo akauliza kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, ndogo: "Na hili la nyumba ni kweli?"

"Mwenye nyumba ameshanionyesha mchoro. Ghorofa. Mwaka kesho kama si mwaka huu. Nikitoka pale sifungui tena, Kombo, narudi nyumbani kwenye migomba. Hii ndiyo ya mwisho. Sitaki kitu kikubwa. Tumetoka watano, turudi watano, niwaandike, nifunge rangi."

"Shebe," Bhavi akaninong'oneza gizani ndani ya neti, "unasikiliza ukuta?"

"Nasikiliza mvua."

"Mvua inaongea Kiswahili?"

Nikamwambia alale. Nimeirudia mara nyingi ile sauti ya kitanda, hasa siku za karibuni nikipita mtaani na kuona mabati ya uzio yamezunguka duka. Nadhani nilielewa kila neno na sikuelewa uzito wake. Ukiwa na miaka kumi na sita unasikia mtu anasema "ya mwisho" na unafikiri anaongelea baiskeli.

Asubuhi mvua ilikuwa imeamua. Si ile ya kunyesha ikapumzika. Hii ilikuwa inamwagwa. Dada Neema akakusanya simu zetu zote, akazitia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko kwenye begi lake, akasema asiyeridhika aongee na mvua. Tukatoboa mifuko myeusi ya taka, tukaivaa. Bhavi akaonekana kama zabibu kavu, nikamwambia, akacheka tulipofika barabarani. Malori yalitupita na kutupiga wimbi la maji ya matope kutoka kichwani mpaka rohoni. Uliona tairi la mbele yako na pengine taa nyekundu ya mwenzako, ukibahatika. Tulipita daraja la Ruvu, mto umevimba na rangi yake kama chai ya maziwa, tukapita Mlandizi bila kusimama, na mimi wa mwisho, kichwa chini, naimba kwa sauti ili nisisikie magoti yangu.

Baada ya Mlandizi kuna kilima kirefu kisicho na sababu. Katikati yake Fuso likaja taratibu pembeni yangu, limejaa machungwa kutoka Muheza, turubai linapepea. Utingo alikuwa amekaa juu ya mzigo, amejifunika, anamenya chungwa.

"Dogo, unafia nini hapo?" akapiga kelele. "Unaenda wapi?"

"Kariakoo!"

"Na sisi Kariakoo! Leta hiyo baiskeli!"

Ningependa kuandika kwamba nilipambana na nafsi. Sikupambana hata kidogo. Niliona kichekesho chote palepale, kimekamilika: ninawapita wote wanne nikiwa nimelala juu ya machungwa kama sultani, ninawapungia, nashuka kilomita mbili mbele, wanafika wananikuta nimeegemea nguzo, namenya, nasema, "Mmechelewa wapi jamani?" Kombo angekisimulia miaka kumi. Jina langu sikulifikiria. Ukiona kichekesho hufikirii jina. Nikamtupia utingo baiskeli, nikadandia.

Nikampita Dada Neema kwanza, nikamrushia ganda. Akainua kichwa, mdomo wazi, mvua ikamwingia. Mbele kidogo, Kombo. "We mwanaharamu!" akaniita, lakini alikuwa anacheka. Kisha Mangi na koti lake refu la mvua, amenyooka kama yuko kanisani. Hakuinua kichwa, hakucheka. Aliangalia pampu iliyofungwa kwenye fremu yangu juu ya machungwa, akaendelea kukanyaga. Nikamsubiri Bhavi. Fuso likapanda, likashuka, likakata kona. Barabara mbele ilikuwa nyeupe kwa mvua na haina mtu. Nikasema ameenda kasi leo zabibu. Kilomita moja. Nikasema labda nimepitiwa, labda nilimhesabu. Nikahesabu tena kwa vidole, Neema, Kombo, Mangi, na chungwa lililokuwa mdomoni mwangu likawa halina ladha.

"Simamisha!" nikamwambia utingo. Akagonga paa la kabini. Dereva alikuwa amefungulia muziki mpaka vioo vinatetemeka. Tukagonga wote wawili, kwa ngumi, kwa kandambili yake. Alisimama Kibaha, alipotaka mwenyewe kununua sigara.

Kama uliwahi kufanya mzaha ukauona unageuka mkononi, unajua jinsi mwili unavyotulia ghafla. Mimi niliyeshindwa kukaa kipindi kimoja cha dakika arobaini nilisimama chini ya banda la mama muuza mihogo kama kigingi. Ningeweza kusubiri pale. Wenzangu walikuwa njiani, wangefika, tungempigia nani simu? Zote zilikuwa kwenye begi la Neema, na ya Bhavi ikiwemo. Alikuwa huko nyuma bila simu na bila pampu, na aliyekuwa na pampu amekula machungwa matatu. Nikageuza baiskeli nikarudi nilikotoka.

Nilikutana nao watatu wakija. Kombo akafunga breki nusura aanguke. "Enhe, sultani umeshushwa? Mbona unaelekea Chalinze?"

"Bhavi hayuko mbele," nikasema.

"Hayuko mbele wapi?"

"Hayuko. Yuko nyuma. Nilimpita bila kumwona."

Dada Neema aliniangalia jinsi anavyoangalia, nadhani, ndugu wa mgonjwa waliochelewa kumleta. "Wewe ndiye wa mwisho, Shabani," akasema. "Anawezaje mtu kuwa nyuma ya wa mwisho?"

Kombo akasema twende wote, Mangi akamzuia kwa mkono. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye ukingo wa kofia yake kama mfereji.

"Pampu iko wapi?"

"Hii hapa, Mangi."

"Ipeleke inakotakiwa. Sisi tunakaa Kibaha kwenye moto. Hatuondoki mpaka muwe wawili."

Nikakanyaga. Upepo sasa ulikuwa usoni, kila lori lilikuja kama ukuta, na nililipa zile kilomita zote ambazo Fuso lilinipa bure. Nilimkuta Bhavi mbali nyuma ya kile kilima, anasukuma baiskeli pembeni ya barabara, tairi la nyuma limelala chapati, mguu mmoja hauna kiatu. Mkanda wa sendo ulikatika kwenye tope. Hakusimama aliponiona. Nikashuka, nikatembea pembeni yake kama mpumbavu.

"Ulikuwa wapi?" nikamwuliza. Mimi ndiye nilimwuliza yeye, fikiria.

"Niliingia nyuma ya kibanda kujisaidia. Mvua, baridi, nifanyeje. Natoka nakuona unapita. Nikaita."

"Sikusikia, wallahi. Nilikuwa naimba."

"Nilikusikia unaimba." Akatembea kidogo. "Sikuita mara ya pili. Nikasema anajua niko hapa, ananitania. Akimaliza kucheka atarudi. Nikapanda nikufuate, pancha. Nikakaa kwenye jiwe, nikasubiri umalize kucheka."

"Umekaa muda gani?"

"Mpaka nikaona kicheko kimekuwa kirefu."

Ningeweza kuliacha hapo. La Fuso alikuwa halijui. Lilimpita yeye kabla halijanifikia mimi. Nikamwambia lote, machungwa, ganda nililomrushia Neema, usultani. Nilijaribu kulisema kwa namna ya kuchekesha kidogo, kwa mazoea, na nilisubiri zile dakika zake mbili za kufikiri. Zikapita mbili, zikapita kumi. Hakucheka.

Kiraka kilikataa kushika kwenye tyubu iliyolowa. Tukabisha hodi kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza mkaa, akatutazama miguu, akatuuliza kama kwetu hakuna wazazi, akatusogezea jiko. Tukaikausha tyubu juu ya moto kwa uangalifu kama wanaokausha nguo ya mtoto mchanga, gundi ikanuka, Bhavi akashika, mimi nikapampu. Yule mama akampa Bhavi kandambili moja ya mguu wa kushoto, ya kijani. Alihitaji ya kulia. Akaivaa hivyohivyo.

Kibaha walitungoja kweli. Mama wa mihogo akatupa chai yenye tangawizi ya kuua, na ukimya wa Fundi Kombo ndio ulionitisha kuliko yote. Tukashuka Kibamba, Mbezi, Kimara, Ubungo, watano tumefuatana, pampu nyuma. Magomeni tukakuta watu wamesimama barabarani kama wanatazama mechi. Jangwani ilikuwa imejaa. Bonde zima lilikuwa ziwa la kahawia, askari wamefunga barabara, na ng'ambo ya pili, karibu kiasi cha kuhesabu madirisha, Kariakoo imekaa inatutazama. Vijana walikuwa wanavusha watu mgongoni. Mmoja akamwambia Mangi, "Mzee, baiskeli pandisha kwenye lile lori la jeshi, linavuka, dakika tano uko kwako." Mangi alikuwa anatetemeka, midomo yake imekuwa ya kijivu. Dada Neema akamwambia, "Mangi, panda. Hakuna atakayekulaumu."

Mangi akaangalia maji, akaangalia lori. "Kinondoni panapitika?" akauliza.

Tukazunguka Kinondoni, tukatokea daraja la Salenda, tukaingia Upanga, na wakati huo hakuna aliyekuwa anahisi mguu. Tulipita chini ya nyumba ya kina Bhavi kabisa. Mama yake alikuwa barazani kati ya maua yake, akamwona mwanawe na kandambili ya kijani ya mguu wa kushoto kwenye mguu wa kulia, akapiga kelele mpaka majirani wakafungua madirisha.

"Bhavesh! Panda juu sasa hivi!"

"Bado, mama!" akajibu bila kusimama. "Hatujafika!"

Dukani Mangi alifungua kwa mikono ambayo haikuweza kushika ufunguo, Kombo alimsaidia. Tukaingia stoo wote watano, tukajifungia, maji yakitengeneza dimbwi kati ya makatoni ya pedali. Kombo akaanza kunitetea, sikumwomba: mtoto amekanyaga barabara yote, tena kipande kile amekanyaga mara mbili, ametupita sisi sote kwa kilomita. Dada Neema akasema sheria ni gari, na Fuso ni gari, au Fuso siku hizi ni nini? Mangi hakuamua. Alichovya brashi kwenye rangi, akampa Bhavi. "Wewe ndiye uliyesubiri," akasema. "Andika waliorudi."

Bhavi akaandika. MANGI. KOMBO. NEEMA. BHAVESH. Akasimama na brashi mkononi, tone likaanguka sakafuni, lingine likaanguka. Akamrudishia Mangi brashi. Mimi nikasema, "Afadhali, jina langu lina herufi nyingi, mlango ungejaa," na nikacheka peke yangu katika chumba cha watu watano. Kisha nikaenda nyumbani, nikalala na nguo zangu mbichi.

Tangu siku ile sikujifungia stoo tena. Nikitumwa tyubu, naingia mbio, mlango umelala ukutani, natoka. Kila Jumapili nilitoka nao, nabeba pampu, nyuma, sikuwahi kumpita mtu hata kwenye mataa. Bhavi hakuhama dawati. Alirudi kucheka, kwa kuchelewa kama zamani. Mara mbili tatu aliniuliza, tunakula mihogo nje ya geti, "Hivi umeshaingia stoo kwa Mangi siku hizi?" Nikamjibu, "Nikafanye nini, nikakague panya?" Akainua mabega, akaendelea na pilipili yake.

Jumamosi tukaenda, mimi na Bhavi. Ilikuwa inanyesha, ingekuwa ajabu isinyeshe. Duka lilikuwa tupu, alama za rafu zimebaki ukutani kama mbavu, Mangi amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kapelo kichwani, tiketi ya basi mfukoni mwa shati. "Shikamoo, Mangi." "Marahaba. Mmechelewa." Kombo alikuwa ameshaung'oa mlango kwenye bawaba, ameuegemeza na upande wa ndani umegeukia ukuta. Nikasema nitashika chini, twende, kuna mvua. Bhavi akasema, "Ugeuze kwanza."

"Ya nini?"

"Ugeuze, Shebe."

Tukaugeuza. Majina ya juu kabisa yalikuwa karibu yamekufa. Nikashuka nayo mpaka kwenye kitasa, mpaka kwetu, MANGI, KOMBO, NEEMA, BHAVESH, na chini yake, kushoto, palepale nilipokuwa nimepachagua, kwa rangi ileile na herufi zilizolala kama zimelewa: SHABANI. ALIRUDI MARA MBILI.

Rangi ilikuwa na vumbi la mwaka mzima. Nilipitisha kidole.

"Uliandika lini?"

"Jumatatu yake. Baada ya shule."

"Mwaka mzima! Hukuniambia mwaka mzima?"

"Nilikuuliza mara ngapi kama umeingia stoo?" Bhavi akasema. "Nikaona na mimi nikutanie kidogo. Nikawa nasubiri uje."

Kombo akaangua kicheko, Mangi akageukia mtaani akapangusa miwani kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Nilitafuta la kusema. Nikapata tu, "Mwandiko wako mbaya."

"Beba mlango."

Tuliufunga juu ya baiskeli yangu, umelala kwenye kiti na usukani, majina yakitazama juu na mvua ikiyaosha, tukaanza kuusukuma kwenda Upanga, ambako mama yake Bhavi alikuwa amekubali uwekwe barazani nyuma ya maua. Kariakoo ilikuwa Kariakoo. Mtu wa mapazia akauliza tunauza bei gani, mwenye mkokoteni akatutukana, muuza nywele akataka kujua nyumba yenyewe iko wapi. Bhavi alishika mbele, kwa hiyo hakuniona. Kila baada ya hatua kadhaa, bila kugeuka, alikuwa anauliza, "Uko nyuma?"

Nilikuwa na majibu kama saba ya kuchekesha, mazuri kabisa. Nikasema, "Niko."